Miguu Inapokataa Ghafla: Kuutunza Mwili Wakati Chanzo Bado Hakijajulikana

Mtu analala akiwa mzima. Alfajiri anataka kushuka kitandani, na miguu haimtii. Katika nyumba nyingi za Kisumu, Siaya na Kakamega, magharibi mwa Kenya, saa zinazofuata huishia katika mashauri: mmoja anasema ni uchovu wa shamba, mwingine anataja chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, wa tatu anataka mgonjwa apakwe mafuta ya moto na kukandwa mpaka damu itembee. Simdharau yeyote kati yao, kwa maana kila mmoja anasukumwa na upendo uliochanganyika na hofu. Hata hivyo, ikiwa uti wa mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya mifupa ya mgongo, umebanwa, saa zinazopotea katika mashauri hayo huenda zikawa ndizo zilizobaki za kuuokoa. Jina la ugonjwa laweza kuchelewa kwa siku au hata kwa wiki kadhaa. Kuulinda mwili hakuwezi kungoja jina hilo.

Saa ya kwanza

Tazama saa na uandike: miguu ilianza kudhoofika lini, na mara ya mwisho mgonjwa kutembea vizuri ilikuwa lini. Kisha muulize maswali machache kwa utulivu. Je, ni mguu mmoja au yote miwili? Udhaifu umebaki pale pale, au unapanda kutoka nyayo kuelekea mapajani na mikononi? Anahisi ukimguza sehemu za siri na makalio, au pana ganzi? Amekojoa tangu jana? Ana homa, au maumivu ya mgongo yanayomzuia kulala? Alianguka, hata kama ni siku kadhaa zilizopita? Majibu hayo, yakiandikwa kwenye karatasi moja, humsaidia daktari wa zamu kuliko hadithi ndefu inayosimuliwa na watu watano kwa pamoja.

Yako mambo ambayo hayaruhusu kungoja kupambazuke: kupumua kwa shida, kukabwa na mate au chai, kushindwa kukojoa au kujikojolea bila kujua, ganzi ya makalio, homa pamoja na maumivu ya mgongo, na uso au mkono wa upande mmoja kulegea, ambayo ni dalili ya kiharusi. Ili kupima pumzi, mwambie mgonjwa avute hewa kwa nguvu, kisha ahesabu kwa sauti bila kuvuta tena. Akishindwa kufika 20, au ikiwa namba inashuka kila mnaporudia, mwambie daktari mara tu mnapofika. Hata bila dalili hizo, miguu iliyopoteza nguvu ghafla ni ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Usimpakie kwenye bodaboda. Najua ndiyo inayopatikana haraka zaidi vijijini, lakini asiyeweza kukaza miguu hawezi kujishikilia, na ikiwa mfupa wa mgongo umevunjika, mtikiso wa barabara ya vumbi waweza kukata kilichosalia. Piga 999 au 112. Gari la wagonjwa likikosekana, tafuta gari la jirani ambalo mgonjwa anaweza kulazwa kwenye kiti cha nyuma. Ikiwa alianguka, watu watatu au wanne wamwinue kwa pamoja, kichwa, kiwiliwili na miguu vikiwa katika mstari mmoja. Zahanati yaweza kumtuliza na kuandika rufaa, lakini uchunguzi wa uti wa mgongo kwa kawaida hufanyika katika hospitali kubwa kama ile ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, hospitali ya rufaa ya Kakamega, ya Nakuru, au ya Moi mjini Eldoret.

Mambo ambayo daktari anayatafuta

Daktari hugonga magoti kwa nyundo ndogo ili kuona kama miguu inaruka. Mruko ukipotea na udhaifu ukiwa unapanda, hasa wiki moja hadi nne baada ya kuhara au mafua, atafikiria ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu. Ugonjwa huu huzidi kwa muda wa hadi wiki nne kabla ya kutulia, na ndiyo maana mgonjwa aliyefika akizungumza vizuri huwekwa chini ya uangalizi wa kupumua. Wengi wao hutembea tena, ingawa safari ni ya miezi. Upo pia uvimbe wa uti wenyewe, kifua kikuu kilichoingia katika mifupa ya mgongo, saratani iliyosambaa hadi hapo, na upungufu mkubwa wa potasiamu mwilini, ambao hugunduliwa kwa kipimo cha damu na waweza kurekebishwa ndani ya saa chache. Mtoto wa chini ya miaka 15 ambaye miguu yake imelegea ghafla lazima aripotiwe kwa ajili ya kuchunguza polio, na sampuli 2 za choo huchukuliwa kwa tofauti ya angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu udhaifu uanze.

Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria lipo jambo ambalo nataka lishikwe sana: kichocho. Wengi wetu tunakijua kama ugonjwa wa tumbo, lakini mayai ya minyoo yake yaweza kukwama karibu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo, yakaleta maumivu ya kiuno, kisha udhaifu wa miguu na kuziba kwa mkojo. Kipimo cha choo chaweza kutoonyesha kitu. Mjomba wangu, aliyekuwa akivua samaki Dunga, aliambiwa katika hospitali moja kwamba ni uchovu wa kazi, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Siku ya tatu alikuwa hawezi kukojoa kabisa. Hakuna aliyemuuliza kuhusu ziwa, naye hakuona sababu ya kulitaja. Kwa hiyo, iwe umeulizwa au hukuulizwa, sema kwamba unavua, unafua, unachota maji au unaoga ziwani, maana tiba ipo: prazikwanteli pamoja na dawa za kupunguza uvimbe, na zikianza mapema huleta tofauti kubwa.

Vipimo vinaporudi vikiwa safi

Hapa ndipo familia nyingi huvunjika moyo. Picha ya MRI, inayopigwa kwa mashine ya sumaku, haionyeshi kitu, damu haina kasoro, na miguu bado haisogei. Usiulize tu, “Ni nini?” Uliza pia ni magonjwa gani yameshaondolewa, ni kipimo gani kitarudiwa, na lini. Uliza kama picha ilichukua mgongo wote au kiuno peke yake, kwa sababu shida iliyo kwenye mgongo usawa wa kifua haitaonekana kwenye picha ya kiuno.

Wakati mwingine ubongo na mishipa ya fahamu ni mizima, ila mawasiliano baina yake na miguu yamevurugika. Daktari aweza kulitambua jambo hili kwa uhakika: mgonjwa akiambiwa agandamize kisigino kitandani anashindwa, lakini anapoinua mguu wa pili dhidi ya mkono wa daktari, kisigino kile kile hugandamiza chenyewe. Huo si uongo wala kujifanya, na ninawasihi ndugu wasilitumie neno hilo mbele ya mgonjwa. Nguvu ipo ila njia ya kuiita kwa hiari imepotea, na mazoezi ya mtaalamu wa viungo aliye na uzoefu huweza kuirudisha.

Utunzaji usiongoja jibu

Ngozi isiyohisi haipigi kelele. Mgeuze mgonjwa kila baada ya saa 2, usiku na mchana, na kila asubuhi kagua visigino, nyonga na mwisho wa mgongo. Wekundu au weusi usiopotea baada ya kuondoa uzito ni kidonda kinachoanza. Anapokaa, ajiinue kwa mikono au ainame upande kila baada ya dakika 15 hadi 30. Tyubu ya gari ambayo wengi huwakalisha wagonjwa juu yake huziba damu kuzunguka kidonda, kwa hiyo iacheni. Chupa ya maji ya moto na jiko la makaa viwe mbali na miguu yenye ganzi, kwani mtu aweza kuungua mpaka kwenye nyama bila kujua.

Kibofu kilichojaa kupita kiasi huharibu figo. Ikiwa hospitali imewafundisha kutoa mkojo kwa mpira, fanyeni hivyo kila baada ya saa 4 hadi 6, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Kila kiungo kikunjwe na kunyooshwa polepole mara mbili kwa siku ili kisikauke. Nyayo ziegemee mto, zisianguke mbele. Kukanda miguu kwa nguvu sikushauri, kwa sababu damu iliyoganda ndani ya mguu uliolala yaweza kung’oka ikaenda mapafuni. Mguu mmoja ukivimba na kupata joto, au pumzi ikikatika ghafla, rudini hospitali mara moja.

Kuhusu gharama, hakikisheni kwamba mgonjwa amesajiliwa na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya Kenya iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Usajili unawezekana kwa simu kupitia *147#.

Siku ya kumsimamisha ikifika, akae kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika kadhaa, kwa sababu shinikizo la damu hushuka baada ya kulala muda mrefu na aweza kuzimia. Wekeni daftari kando ya kitanda, na kila Jumapili andikeni kidole gani kimesogea, goti limekunjika kiasi gani, na kama alihisi mkojo kabla haujatoka. Daftari hilo liende naye kila anapoitwa kliniki.