Jinsi ya kujaza jedwali la safari za asubuhi Kisumu

Jedwali hili linaonyesha abiria wangapi wanatoka kila eneo kwenda kila eneo: safu za kulala ni wanakotoka, nguzo za wima ni wanakoishia, na kila kisanduku ni idadi yao. Kuhesabu magari ni rahisi. Kazi ngumu ni kujua abiria waliomo wanatoka wapi hasa na wanaishia wapi.

1. Gawa mji katika kanda. Ziwa linakupunguzia kazi, kwa sababu upande huo hakuna barabara ya kuhesabu. Weka vituo Nyamasaria kwa wanaotoka Ahero, Mamboleo kwa wanaotoka Kakamega, Otonglo kwa wanaotoka Maseno, na usisahau barabara ya Kibos. Ndani ya mji tenga Kondele, Manyatta, Nyalenda, Kibuye na Milimani. "Tao", yaani mjini, si kanda. Abiria akisema anaenda tao, muulize kama ni Bus Park, Jubilee au Oginga Odinga Street.

2. Hesabu. Fanya kazi Jumanne hadi Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi, ukiandika kila baada ya dakika 15. Hesabu matatu, tuktuk na boda boda kila moja peke yake, pamoja na abiria waliomo. Matatu ya abiria 14 haibebi 14 kila mara. Jumapili ya soko la Kibuye iwe na jedwali lake. Ukiichanganya na siku za kazi utapata siku ambayo haipo.

3. Hoji abiria. Hapa ndipo majedwali mengi huharibika. Ukiuliza "Unaenda wapi?" ndani ya matatu ya Mamboleo, wengi watajibu Kondele, kwa kuwa ndipo wanaposhukia. Uliza hivi:

"Mama, ukishuka Kondele umefika, ama utapanda kingine?"
"Napanda tuktuk, naenda Nyalenda."

Hiyo ni safari moja, Mamboleo hadi Nyalenda. Ukiiandika kama mbili, Kondele itaonekana ndiyo kikomo cha watu wengi, na atakayepanga njia kwa jedwali lako ataongeza magari ya kuishia Kondele, ilhali huyu mama anahitaji gari la moja kwa moja. Tena, akihojiwa kwenye matatu na kwenye tuktuk pia, atahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo andika kila mara mahali safari ilipoanzia.

4. Sawazisha kwa njia ya Furness, yaani kuzidisha safu na nguzo kwa zamu hadi jumla zake zilingane na hesabu ya barabarani. Tuseme (tarakimu ni za mfano tu, na "mjini" hapa ni kanda za katikati zikiunganishwa) waliohojiwa kutoka Mamboleo ni 30 wanaoenda mjini na 20 wanaoenda Kibuye. Kutoka Nyamasaria ni 40 na 10. Hesabu ya barabarani inasema waliotoka Mamboleo ni 600, Nyamasaria 400. Waliofika mjini ni 650, Kibuye 350. Kwanza hakikisha jumla mbili zinalingana, hapa 1,000 kwa 1,000. Zisipolingana hesabu itazunguka bila kutulia.

Zidisha safu ya Mamboleo kwa 12, unapata 360 na 240. Ya Nyamasaria kwa 8, unapata 320 na 80. Sasa wa mjini ni 680 na wa Kibuye 320, kwa hiyo zidisha nguzo ya mjini kwa 650/680 na ya Kibuye kwa 350/320. Rudi kwenye safu, sahihisha tena. Baada ya hapo Mamboleo ina takriban 340 na 260, Nyamasaria 311 na 89. Mjini inakuwa 651, Kibuye 349, na raundi moja zaidi inatosha.

Kisanduku chenye sifuri hubaki sifuri hata ukizidisha mara mia. Kama safari hiyo inawezekana ila hukumpata abiria wake, anza na 0.5.

5. Kagua. Chagua mstari wa kufikirika kwenye ramani ambao hukuutumia kusawazisha, kwa mfano barabara zote zinazotoka Kondele kuelekea katikati ya mji. Jumlisha visanduku vya safari zinazouvuka, ulinganishe na hesabu ya hapo. Jedwali likizidi sana, usikimbilie kupunguza tarakimu. Rudi kwenye fomu za mahojiano utafute safari zilizokatwa vipande viwili. Likipungua, tazama kwanza kama boda boda zilihesabiwa.