Jinsi ya Kuipa Kwarteti ya Nyuzi Mdundo wa Jazi na wa Amadinda

Kwarteti ya nyuzi ina vayolini mbili, viola moja na chelo moja, na anayetaka kuichezesha jazi hugundua upesi kwamba hana ngoma, hana besi wala piano. Wengi wetu tuliofunzwa klasiki hapa Kampala huipa vayolini ya kwanza wimbo na kuwaachia watatu waliobaki nota ndefu. Mimi nilifanya hivyo katika mpangilio wangu wa kwanza, na kabla ya ukurasa wa pili mpiga chelo alikuwa ameanza kupiga miayo. Kwa hiyo gawa mdundo kwanza, wimbo utasubiri.

Chagua bluzi ya baa 12 (baa moja ni kipimo cha mapigo manne) katika G, kwa kuwa nyuzi nyingi wazi zinaifaa. Chelo iweke upinde kando na idonoe kwa vidole nota nne katika kila baa, ya nne ikiwa jirani wa nota inayofungua baa ifuatayo: unapotoka G kwenda C, piga G, A, B-flati, B, kisha utue C. Kwenye kordi (nota kadhaa zinazolia pamoja) ya G7, viola ishike B na vayolini ya pili ishike F. Kordi inapogeuka kuwa C7, viola ishuke hadi B-flati na vayolini ya pili hadi E, kila mmoja nusu toni tu. Sauti hizo mbili zinatosha kumwonyesha msikilizaji kordi nzima.

Pengo la ngoma huzibwa kwa pigo liitwalo chopu, ambalo Turtle Island String Quartet, kundi lililoanzishwa Marekani mwaka 1985, lilisaidia kulieneza. Gusa nyuzi kwa vidole vya mkono wa kushoto bila kuzikandamiza, kisha dondosha upinde juu yake ukitumia sehemu iliyo karibu na mshiko, usikike mkwaruzo mfupi mkavu usio na nota. Chopu ikae kwenye pigo la pili na la nne. Wiki ya kwanza itasikika kama mlango unaogongwa, na majirani watauliza.

Kwa Mganda, hata hivyo, mwalimu bora wa kugawana mdundo ni amadinda, marimba ya mbao 12 yanayopigwa na watu watatu. Mpe viola sehemu ya okunaga, yaani nota zilizo sawa kwa mwendo, na vayolini ya pili sehemu ya okwawula, inayoingia katikati kabisa ya nota hizo. Vayolini ya kwanza iwe omukoonezi: isikilize nota mbili za chini kabisa zinazojitokeza katika mchanganyiko huo, izirudie oktava mbili juu. Fanyeni mazoezi polepole mno, maana mmoja akiteleza wote huanguka. Hatua za amadinda ni tano katika kila oktava, zinazokaribia kulingana, kila moja pana kidogo kuliko toni nzima ya piano. Vayolini haina vizuizi vya vidole, basi tafuteni hatua hizo kwa sikio. Njia hii si ngeni kwa nyuzi: Kronos Quartet ilirekodi kazi ya mtunzi wetu Justinian Tamusuza katika albamu iliyotoka mwaka 1992.

Anayebuni papo hapo apunguze mtetemo wa kidole, atumie upinde mfupi, na aanze na nota tatu tu kwa baa nne. Katika swingi, nota ya kwanza ya kila jozi huwa ndefu, karibu mara mbili ya ya pili, lakini mwendo ukiongezeka tofauti hiyo hupungua. Sehemu za amadinda zisipigwe swingi kamwe: nota zake ni sawa, na ukizirefusha, sehemu zinazofungana kama kufuli zote hufunguka.

Ukumbini, mketishe mpiga chopu kando ya chelo ili wasikilizane bila kutegemea spika, na maikrofoni ya kwanza, kama mnayo moja tu, iwe ya chelo.