Mnyauko bakteria wa migomba: kata mmoja, safisha panga, rudi wiki ijayo

Usitafute dawa ya kupuliza ya mnyauko bakteria, maana haipo. Bakteria wake, aina ya Xanthomonas, hukaa ndani ya mirija inayopitisha maji kwenye mgomba, na dawa ya juu ya majani haiwafikii. Ndizi za kupika, za kuivisha na za pombe zinazolimwa kwetu zote huugua. Ugonjwa ulijulikana kwanza Ethiopia, mwaka 2001 ukaonekana Uganda, kisha ukasambaa Kivu (Kongo), Rwanda, Burundi, Kenya na Kagera (Tanzania), ambako wakulima wanauita unyanjano. Mkulima anachoweza ni kuziba njia zake, na njia kubwa ni mbili: panga na ua dume, yaani lile linaloning'inia mwishoni mwa mkungu.

Hakikisha kwanza ni mnyauko

Majani hugeuka njano na kulegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, kisha hukunjika na kuning'inia. Ua dume husinyaa na kukauka. Mkungu huanza kuiva kabla ya wakati, tena bila mpangilio, baadhi ya ndizi njano na nyingine bado kijani. Pasua ndizi moja: ndani utakuta madoa ya rangi ya kutu.

Kipimo cha uhakika ni kukata mgomba wenyewe na kusubiri. Ndani ya dakika 5 hadi 15, utomvu mzito wa rangi ya krimu au njano huchuruzika kwenye jeraha. Ugonjwa wa Panama, unaosababishwa na kuvu, hautoi utomvu huo. Huanzia kwenye majani ya chini, shina mara nyingi hupasuka karibu na ardhi, na ndizi haziozi kwa ndani. Ukishapima, panga hilo tayari lina ugonjwa. Wengi wanaambukiza migomba yao papo hapo, kwa kupima mmoja na kwenda kupima wa pili.

Kukata mgomba mmoja mmoja

Zamani wakulima walielekezwa kung'oa shina lote, yaani mgomba mama, binti na mjukuu pamoja na tunguu lao (kiazi cha chini ya ardhi wanamoota). Kazi hiyo ni nzito, na wengi waliishia kutofanya lolote. Njia inayofaa zaidi kwa shamba ambalo bado lina migomba mingi mizima ni kukata ule tu unaoonyesha dalili, usawa wa ardhi, na kuacha wenzake. Sababu ni kwamba bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi la shina lililougua. Binti anaweza kubaki mzima hata kama mama amekufa.

Pita shamba lote kila wiki, bila kuruka. Ukiona dalili, kata siku hiyo hiyo, kisha safisha panga kabla ya kugusa mgomba unaofuata. Mabaki yakusanye sehemu moja jirani na hapo, yasiburutwe katikati ya migomba mizima huku yakidondosha utomvu. Usiyatumie kama matandazo. Mbuzi na ng'ombe wasiyafikie, kwa kuwa mnyama akitafuna kisiki kibichi chenye ugonjwa kisha akaenda kutafuna kizima, amefanya kazi ya panga.

Usikate tamaa chipukizi la shina lile lile likiugua baada ya wiki kadhaa. Bakteria huweza kukaa ndani kwa muda mrefu kabla ya dalili kutokea, ndiyo maana raundi moja haitoshi. Katika kipindi hicho acha kupogoa majani na kupunguza machipukizi kwa panga, maana kila jeraha ni mlango.

Kusafisha panga

Kwa moto: shikilia chuma kwenye mwali, ukigeuza pande zote mbili, mpaka kiwe cha moto kiasi cha kutoshikika. Kupitisha juu ya moto mara moja hakuui kitu.

Kwa Jik (dawa ya klorini ya kusafishia nguo): changanya kikombe 1 cha Jik na vikombe 5 vya maji. Futa kwanza udongo na utomvu, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwa bakteria. Kisha chovya sehemu yote ya chuma. Mchanganyiko ukichafuka, mwaga utengeneze mwingine; wa jana usiutegemee. Jioni suuza panga na ulipake mafuta, la sivyo litaliwa na kutu.

Jembe nalo hukata mizizi, kwa hiyo lisafishwe vivyo hivyo. Na anayekuja kununua mkungu au ndizi za rubisi (pombe ya ndizi) asikate kwa panga lake. Mpe la kwako lililosafishwa. Panga linalozunguka vibanja vitano kwa siku ni hatari kuliko mdudu yeyote.

Ua dume

Nyuki na nzi hufuata utamu wa ua dume na kubeba bakteria hadi kwenye makovu mabichi yanayoachwa na maua yanapodondoka. Ndizi ambazo maua yake hayadondoki huponea kwa sehemu kubwa njia hii. Kwa nyingine, ondoa ua dume mara chane ya mwisho inapokamilika. Ukichelewa, wadudu wamekwisha kupita. Tumia fimbo ndefu yenye panda: ingiza kikonyo kwenye panda, zungusha mpaka kikatike. Usitumie kisu hata kidogo, na jeraha usilishike kwa mkono.

Mbegu na shamba lililozidiwa

Machipukizi ya jirani mwenye mnyauko usiyapokee, hata yakionekana yamenawiri. Chukua miche ya maabara au ya kitalu kinachoaminika. Kagera, kituo cha Maruku cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) ni mahali pa kuanzia kuulizia. Majani ya migomba yanayofungiwa mikungu kutoka maeneo yenye ugonjwa yasiingizwe shambani. Angalia pia maua ya kana yaliyopandwa uani, kwani nayo yanaweza kuugua.

Kama sehemu kubwa ya shamba imekwisha kuugua, kukata mmoja mmoja hakulipi. Ng'oa yote, tunguu likiwemo, na upande mahindi, maharage au viazi vitamu kwa miezi 6. Machipukizi yanayoota kutoka kwenye mabaki ya tunguu yang'olewe kila yanapojitokeza, maana yakiachwa ugonjwa unabaki shambani na hesabu ya miezi inaanza upya.