Jinsi ya Kuoanisha Wimbo wa Rohoni na Picha za Watu Walio Katika Dhiki

Vijana wanaoshughulikia mitambo kanisani huletewa kazi hii Ijumaa jioni: Jumapili kuna changizo la waliobomolewa nyumba na mafuriko, picha zimekwisha kutumwa kwa WhatsApp, na kinachotakiwa ni video ya dakika 3 yenye wimbo utakaogusa watu. Kugusa watu si kazi ngumu. Weka wimbo wowote wa taratibu chini ya uso wa mtoto anayelia, na hata mzee wa kanisa aliyezoea kusinzia atatafuta leso mfukoni. Ugumu uko katika kuhakikisha kwamba machozi hayo yanamfikia aliye kwenye picha, wala hayaishii kwenye utamu wa sauti.

Anza na picha kabla hujachagua wimbo. Zitazame zote kimya, moja baada ya nyingine, na ile isiyokuambia lolote iondoe, kwa kuwa wimbo utaisemea isichokuwa nacho. Mohamed Amin, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alipopiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, mnamo Oktoba 1984, zilitangazwa na BBC pamoja na maelezo ya mwanahabari wake Michael Buerk, na watu wa nchi nyingi wakashtuka. Nyimbo na tamasha za kuchangisha fedha zilikuja baadaye, zikafuata njia ambayo picha zilikwisha kuifungua.

Baada ya mafuriko ya mwaka 2024 nilitayarisha video ya namna hiyo kuhusu Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Nilikuwa na picha mbili nilizozipenda. Ya kwanza ilikuwa ya mama aliyeketi juu ya godoro lililolowa, ameshika tama, nywele wazi. Ya pili haikuwa na mtu: madaftari ya shule yameanikwa juu ya bati, kila moja limewekewa kijiwe ili upepo usilifunue, na wino wa buluu umetambaa hadi pembeni mwa kurasa. Nilimweka mama kwenye kiitikio, mahali sauti zinapopanda, na madaftari nikayapitisha haraka mwanzoni. Ibada ilipokwisha, mama yuleyule, ambaye sikujua kwamba alikuwa ameketi safu ya nne, alinijia akanishika mkono, akasema bila hasira, "Mwanangu, ungeniambia, ningejifunga kitambaa." Leo ningefanya kinyume: madaftari yangepewa kiitikio chote.

Kwa hiyo, omba idhini, na uiombe ipasavyo. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa binafsi za mtoto, lakini hata kwa mtu mzima haitoshi kumwonyesha picha peke yake. Mwonyeshe video nzima ikiwa na wimbo wake, kwa maana mtu anaweza kuikubali picha akaukataa wimbo. Jambo hili husahaulika sana. Wimbo wa rohoni humfanya aliye kwenye picha aonekane kana kwamba anashuhudia imani inayoimbwa, na katika mitaa yetu jirani aliyepoteza kila kitu anaweza kuwa Mwislamu, ambaye hajatuomba tumwimbie tenzi zetu juu ya uso wake.

Katika kuchagua wimbo, jiulize ulitoka kinywani mwa nani. Ule unaoanza "Nionapo amani kama shwari", ambao wengi wetu tunaujua kutoka Tenzi za Rohoni, maneno yake ya asili yaliandikwa na Horatio Spafford, wakili wa Chicago, aliyepoteza binti zake 4 meli ya Ville du Havre ilipozama mwaka 1873. Tuni yake ilitungwa na Philip Bliss mwaka 1876. Kwa kuwa ulitoka kwa mfiwa, una haki ya kukaa karibu na wafiwa. Hata hivyo, ni wimbo unaozungumza lugha ya bahari na mawimbi, na kuuimba kwa maneno yake juu ya picha za mto uliofurika kunaweza kumchoma aliyepotelewa na mtu majini. Mimi ningewaomba wanakwaya wauvumishe tu, midomo imefungwa. Maneno yasiposikika, picha haigeuki kuwa mfano wa ubeti, na mtazamaji anaachiwa nafasi ya kufikiri.

Mpangilio wa muda ni hesabu ndogo. Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika, wenye mapigo 4 katika kila kipimo, ukiwa na mstari wa vipimo 4, utachukua sekunde 16 kwa kila mstari. Badilisha picha mwishoni mwa mstari, pale waimbaji wanapovuta pumzi, na dakika 3 hazitahitaji zaidi ya picha 11. Najua ulitumiwa 60. Usizikuze wala kuzisogeza kwa madoido ya programu, na usifuate kila pigo, maana hiyo ni kazi ya video za harusi.

Wimbo usianze pamoja na picha ya kwanza. Tumia sauti ya mahali penyewe, mvua juu ya mabati au mtu akikwangua matope kwa koleo, hadi picha ya tatu, kisha uingize kwaya polepole. Ukitumia rekodi ya kwaya nyingine, iombe ruhusa, hata kama wimbo wenyewe ni wa zamani sana.

Nambari ya M-Pesa ya changizo usiiweke juu ya uso wa mtu yeyote. Wimbo ukiisha, acha skrini iwe nyeusi, hesabu polepole hadi 10 huku kinanda kimenyamaza, ndipo nambari itokee peke yake na mchungaji asimame.