Subaru ya hosipawa 400 ya barabarani: bloki kwanza, cc baadaye

Wateja wengi huingia karakanani wakiwa wameshaamua: "Fundi, nataka injini ya lita 2.5." Ukiwauliza ya nini, jibu ni kwamba kubwa ni kubwa. Kwa injini za EJ, familia ya injini za Subaru, cc (ujazo wa silinda) na uimara wa bloki (mwili wa injini wenye silinda) ni mambo mawili tofauti, na mara nyingi yanavutana. Huu ndio mpangilio ninaoufuata kabla sijafungua hata bolti moja.

Hatua ya 1: Taja nambari, kisha tazama giaboksi

STI, Impreza ya kasi ya Japani yenye EJ207 (2.0 ya tabo), imetoka kiwandani na hosipawa 280. Mimi mpaka 350 hivi huwa naacha pistoni za kiwandani, mradi injini iwe na afya na tuning ifanywe na mtu anayejua kusikiliza noki, yaani mlipuko usio wa wakati wake ndani ya silinda. Kupita hapo ni pistoni za foji (chuma kilichofuliwa kwa shinikizo) na konrodi za foji, hakuna mjadala. Pistoni ya silinda ya 4 ndiyo inayojulikana kwa kuvunjika kingo za ringi.

Kinachomeza gia ni msukumo (torque), na 2.5 inauleta wote mapema, chini kabisa. Kama una giaboksi ya gia tano, weka bei ya gia sita kwenye bajeti leo, usisubiri kusikia meno yakisagika.

Hatua ya 2: Gari litaishi wapi?

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Kabla tabo (turbo, inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) haijaamka, 2.0 ya Nairobi inavuta hewa kama 1.6 ya pwani, na 2.5 inavuta kama 2.0. Anayekaa kwenye foleni ya Mombasa Road kila jioni atauhisi huo upungufu kila akiondoka.

Tabo ikishaamka, hesabu inageuka. Ukiwa na busti (shinikizo la tabo) ya baa 1.2 kwenye geji, silinda za Nairobi zinapokea jumla ya kama baa 2.0, yaani 1.2 juu ya 0.8 ya hewa ya nje. Teremka nayo hadi Mombasa, geji isome ileile 1.2, na sasa zinapokea 2.2. Hiyo ni hewa zaidi kwa asilimia 10, tena kwenye joto. Kama busti yako inashikwa na springi ya westigeti (vali inayopunguza nguvu ya tabo) pekee, chagua bloki ya kuhimili pwani hata kama gari linalala Rongai.

Hatua ya 3: Chagua bloki

Toa hedi, tazama bloki kutoka juu; uso huo wa juu ndio deki. Ukiona silinda zimesimama peke yake katikati ya nafasi ya maji, bila kushikwa na chochote kwenye ukingo wa juu, hiyo ni deki wazi: EJ205 ya WRX na ya Forester ya 2.0 yenye tabo, na EJ253 isiyo na tabo. Ukiona madaraja ya alumini yanayoshikilia silinda pembeni, ni deki nusu, kama EJ207, na EJ255 na EJ257 ambazo ni 2.5 za tabo. EJ20G (2.0 ya tabo ya zamani) za mwanzo zilikuwa na deki iliyozibwa, yenye matundu madogo tu ya maji. Ukiipata nzima, usiiache.

Kwa hosipawa 400, mimi naanzia deki nusu. Ukilenga 500 na kuendelea, ongea habari ya kuziba deki au kuweka sleevu (kuta za ndani za silinda) mpya, na hiyo si kazi ya kila karakana ya Industrial Area.

Wanaoendesha JZ, injini za Toyota, wasome hatua hii wakicheka. Bloki yao ni chuma cha kusubu, si alumini.

Hatua ya 4: Sasa cc

EJ20 ina kipenyo cha silinda cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa 75, yaani cc 1,994. EJ25 ni 99.5 kwa 79, cc 2,457. Lakini umbali kutoka kitovu cha silinda moja hadi cha jirani yake ni uleule, milimita 113. Toa kipenyo: EJ20 inabakiwa na milimita 21 kati ya silinda mbili, EJ25 inabakiwa na 13.5. Gasketi inayoziba kati ya bloki na hedi inakaa juu ya ukanda huo. Ndiyo sababu siiamini 2.5 kwenye busti kubwa kama ninavyoiamini 2.0.

Hewa nayo unaweza kuipata kwa kuzungusha. 2.0 kwenye mizunguko 8,000 inapitisha karibu lita 7,980 kwa dakika, sawa na 2.5 kwenye 6,500. Tofauti ni kwamba 8,000 hutaigusa ukielekea kazini.

Chaguo langu la barabarani ni la katikati: bloki ya EJ207 na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya EJ257. Inakuwa 92 kwa 79, takriban cc 2,100, na kuta za silinda zinabaki nene. Kumbuka pistoni sasa inapanda milimita 2 zaidi, kwa hiyo agiza pistoni zilizotengenezwa kwa mchanganyiko huo. Zile za EJ20 za kawaida zitatokeza juu ya deki.

Hatua ya 5: Pima kabla ya kulipa

Muuzaji wa Kirinyaga Road atakuambia ni "ex-Japan, haijafunguliwa". Lete rula iliyonyooka na geji ya majani (vipande vyembamba vya kupimia pengo), pima deki kwa mshazari. Pima kila silinda juu, katikati na chini, pande mbili, ukianza na ya 4. Kisha muulize mkerezaji kama ana sahani ya kufunga juu ya bloki wakati wa kuhoni (kusugua silinda kwa ndani), maana silinda za EJ hupinda kidogo bolti za hedi zikikazwa. Kama hana, rudisha bloki kwenye buti.