Kusafiri na bastola kwenye gari toka Ohio mpaka Maine bila kuingia kwenye kesi

Wadau mlioko Marekani, najua wengi mna ndugu Portland na Lewiston na mnaendesha toka Columbus kwenda kuwasalimia, sasa hili la bastola tuliongee vizuri. Ohio tangu 2022 mwenye miaka 21 anayeruhusiwa kumiliki anabeba bila kibali, Maine nako hivyohivyo, ila katikati unakatiza New York na Massachusetts, huko bastola bila leseni yao ni jinai na kibali cha Ohio hawakitambui.

Kinachokulinda ni sheria ya shirikisho ya 1986, wanaiita FOPA. Inataka unakotoka na unakoenda uwe unaruhusiwa kuwa nayo na kuibeba, na njiani isiwe na risasi ndani, halafu bastola na risasi zote zikae pale ambapo ukiwa kwenye siti mkono haufiki.

Kwa hiyo kabla hujawasha gari toa magazini (kile kikasha cha risasi), vuta slaidi, angalia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na upitishe kidole kabisa, ndio uifungie kwenye kiboksi chenye kufuli, risasi boksi lake, vyote buti. Gari isiyo na buti ya kujitegemea, SUV au lori, hapo kufuli ni lazima kisheria, na ile droo ya dashibodi haihesabiki hata ukiifunga na ufunguo. Magazini za risasi zaidi ya 10 acha nyumbani, hayo majimbo mawili hawazitaki.

Kujaza mafuta na kula sawa, ila kulala huko jamani msilale. Gregg Revell wa Utah mwaka 2005 alikwama New Jersey baada ya kukosa usafiri wa kuunganisha, akachukua begi lenye bastola akaenda nalo hotelini, kesho yake airport ya Newark akakamatwa, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikasema FOPA haimlindi kwa sababu usiku ule angeweza kuifikia. Iliniuma sana kuisoma, maana bastola aliitaja mwenyewe kaunta. Panga uvuke New York na Massachusetts kwa mkupuo mmoja, dereva wa pili awepo.

Na ukifika Buffalo usivuke daraja kwenda kuangalia Niagara upande wa Kanada, FOPA inaishia mpakani. Walio na viza ya masomo au utalii wasiguse kabisa kabla ya kuongea na wakili, kwa kawaida hawaruhusiwi hata kuishika, wenye grinikadi wao ni kama raia kwenye hili.