Look peke yake haitoshi, cheki kijineno cha nyuma
Jamani mnaojiandaa na intavyuu za Kiingereza, hii look inawaangusha wengi bure kabisa. Juzi kwenye daladala ya kwenda UDOM dogo mmoja anaongea na simu, I'm looking my ID, kumbe kaidondosha anaitafuta, alitakiwa aseme looking for my ID. Sisi kila maana ina kitenzi chake, kutazama, kutafuta, kutunza, wao kitenzi kilekile ila kijineno cha nyuma ndo kinabadilika, look at, look for, look after. Mfano bibi yuko Mpunguzi anakulelea mtoto we upo kazini mjini, my grandmother looks after my son, sasa ukisema looks for my son watu watajua mtoto kapotea! Look into ni kuchunguza, ofisini wakikwambia we'll look into it maana yake wanaenda kulifuatilia suala lako. Ila nawaomba sana mshike look forward to, yaani kusubiri kitu kwa hamu, baada ya hiyo to kitenzi kinakuja na -ing, I look forward to meeting you, sio to meet you, barua za kuomba kazi nyingi zinakosea hapohapo mstari wa mwisho.